Pote Bazaar, Kathmandu: kidani kinatungwa ukiwa umekaa hapo hapo

Kama wewe ni mpenzi wa shanga na safari ikakufikisha Nepal, achana na vidani vya maduka ya watalii kule Thamel. Nilichukua kimoja huko, rangi ikaanza kubanduka shingoni kabla sijaondoka mjini. Nenda Indra Chowk, kati ya soko la Asan na jumba la kale la kifalme, Hanuman Dhoka, uingie kichochoro cha Pote Bazaar. Ni vibanda vidogo vimebanana, ukutani zimening'inia shanga za kioo mafungu kwa mafungu, nyekundu, kijani na manjano, mpaka unashindwa kuchagua.

Pote ni kidani cha nyuzi nyingi ambacho bwana harusi wa Kihindu humvisha bibi harusi siku ya ndoa, kisha mwanamke huendelea kukivaa akiwa kwa mumewe. Katikati hupitishwa tilhari, kipande cha dhahabu mfano wa mrija mfupi, chenye nakshi. Mwaka hadi mwaka, ikikaribia sikukuu ya Teej, Agosti au Septemba, wanawake wanajaa pale kutafuta pote za kuvalia na sari nyekundu.

Wenye vibanda wengi ni Waislamu, wazee wao walitoka upande wa Kashmir karne nyingi zilizopita. Nikatoa salamu, nikaitikiwa "Waalaykum salaam", nikavutiwa mto nikae. Hapo ndipo nilipopapenda. Fundi alikaa kwenye godoro, akanasa ncha za nyuzi kwenye kidole gumba cha mguu, akawa anahamisha shanga kutoka uzi mwembamba wa kiwandani kwenda uzi imara. Kila baada ya muda anavuta kwa nguvu kuupima. Nilitaka kijani iliyokoza yenye mstari mwembamba wa dhahabu. Akapanga, hakuridhika, akafumua mwenyewe bila mimi kusema neno, akaanza upya.

Shanga zenyewe, aliniambia, nzuri zinatoka Cheki na Japani. Nilifurahi sana, maana shanga za Cheki ndizo wanazotungia mama zetu wa Kimaasai Kenya na Tanzania! Ukizishika utazijua: punje zinalingana, tundu halina makali ya kukata uzi.

Upungufu upo. Bei hazijabandikwa, lazima upatane, na mchana njia haipitiki kwa watu. Tilhari niliyowekewa ni shaba iliyochovywa dhahabu. Kwa mapambo inatosha, ila anayetaka dhahabu halisi aanzie kwa sonara, ambako inauzwa kwa tola, yaani kama gramu 11.66, ndipo aje nayo kutungiwa.

Kidani changu nimekivaa harusini, nimekivaa Idi, hakuna uzi uliolegea. Nenda asubuhi, na uvae blauzi yenye shingo unayokusudia kukivalia, fundi apime urefu juu yake.