Redio ya Chomboni: Ipi Ununue Ukivuka Kati ya Bagamoyo na Unguja

Swali la kwanza dukani huwa "ina wati ngapi?" Anza na jingine: antena itakaa juu kiasi gani? Mawimbi ya VHF, redio ya kawaida ya vyombo vya baharini, husafiri karibu kwa mstari mnyoofu, na dunia ina mviringo. Chukua urefu wa antena kutoka usawa wa maji kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4. Hizo ni kilomita zako. Ongeza na za mwenzako. Antena ya mita 4 hutoa 8, hivyo mashua mbili za namna hiyo husikizana kilomita 16 hivi. Bagamoyo hadi mji wa Unguja ni zaidi ya 40.

Ya kwanza kwangu ni VHF ya kufunga chomboni, wati 25, yenye kitufe chekundu cha dharura. Ukiiunganisha na GPS na kuingiza namba ya utambulisho wa chombo ya tarakimu 9, kitufe hicho hupeleka mahali ulipo kupitia chaneli 70, hata kama nahodha hawezi kusema. Kwenye jahazi, kilele cha mlingoti kina kamba na foromali (mti unaobeba tanga), kwa hiyo simamisha mti imara upande wa tezi, yaani nyuma, na ufunge antena juu yake. Ukibakiwa na fedha, nunua waya mzuri wa antena. Waya ulioingia chumvi hula nguvu yote, na hapo ndipo nimeona watu wengi wakilaumu redio isiyo na kosa.

Ya pili ni VHF ya mkononi, wati 5 au 6, inayoelea. Ukiwa umeketi kwenye ngalawa, usitegemee zaidi ya kilomita 10 kwa mwenzako aliye kama wewe. Lakini mashua ikipinduka, ile ya kufunga inazama na betri yake. Hii inabaki nawe. Mwenye uwezo anunue zote mbili.

Redio ya HF hufika mbali sana, kwa kuwa mawimbi yake hurudishwa na anga la juu. Inawafaa wavuvi wa bahari kuu. Kwa kuvukia Unguja ni gharama ya bure.

Redio za walinzi zinazouzwa rahisi ziache. Nyingi hazina chaneli 16, ambayo meli husikiliza. Simu ichukue, ila minara ilijengwa kwa ajili ya watu wa nchi kavu.

Kabla ya kulipa, ulizia leseni TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania.