Miaka minane na Martini ya risasi moja, Malindi

Kila anayeiona bunduki yangu ya Martini mara ya kwanza huniuliza swali moja: "Ami, hilo ni gobori?" Si gobori. Gobori unalijaza baruti kwa mdomo wa mtutu na kushindilia. Hii yapakiwa kwa nyuma, lakini inakula risasi moja tu. Ukishapiga, unafungua, ganda linatoka, unatia nyingine kwa kidole gumba. Magazini, kile kikasha cha risasi, haina, wala mahali pa kuitia hapana. Mtu akishaelewa hivyo huuliza la pili: sasa ya nini?

Niliipata mwaka 2016 kwa mzee mmoja tuliyekuwa naye kilabu cha shabaha. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili, akasema hataki ife kabatini kwake. Hatukupeana mkono kwa mkono kama watu wanaouziana baiskeli. Ilipitia kwa muuzaji mwenye leseni, mimi nikapitia kwa polisi na Bodi ya Leseni za Silaha, na hati inahuishwa kila mwaka chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114. Mwishoni mwa 2018 tukaamriwa sote wenye silaha tukakaguliwe upya, tukapanga foleni tena. Nayasema haya mapema kwa sababu kuna vijana wananiandikia wakidhani ukiwa na pesa umemaliza. Pesa ndiyo sehemu nyepesi.

Ukiishika, kidole gumba kinaangukia juu ya kangaruu. Ndiyo, kangaruu, mdogo kama ukucha, amepigwa chapa kwenye chuma. Mjukuu wangu alisisitiza kuwa ni panya buku. Bunduki hizi zilitengenezwa Birmingham, Uingereza, na kampuni ya BSA, kuanzia mwaka 1910, kwa ajili ya vijana wa shule wa Australia waliokuwa wakifunzwa kwata. Zilikuwa za kaliba (upana wa tundu la mtutu kwa inchi) ya .310, risasi nzito ya risasi tupu, yaani ile madini, iendayo polepole. Baada ya Vita Vikuu vya Pili zikauzwa kwa raia, na mafundi wakazing'oa mitutu na kuzifunga mipya ya kaliba ndogo zenye kasi. Yangu ni mojawapo. Fundi aliyeifunga mtutu mpya hakuacha jina lake popote, na nitaeleza baadaye kwa nini ningependa kumjua.

Mtutu huo ni wa .22 Hornet. Hornet ni dondora, na jina linamfaa: mdogo, mkali, hana mzaha. Kampuni ya Winchester iliitoa risasi hii sokoni mwaka 1930. Kichwa cha kawaida, ile sehemu ya risasi inayoruka, kina uzito wa gramu 2.9 na kinatoka kwa kasi ya mita 820 hivi kwa sekunde. Bega halikumbuki kama limepigwa. Mlio wenyewe ni mkali lakini mfupi, si ule wa kutikisa vioo. Kwa mzee wa miaka 61 mwenye bega lililoumia kwa kubeba mashine za boti, hiyo si sifa ndogo.

Utamu hasa uko kwenye wenzo, ule mkono wa chuma wa kufungulia bunduki. Unaushusha kwa vidole vitatu, kile kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu kinainama mbele kwenye bawaba yake, na ganda linachomoka. Unaweka risasi kwenye kijibonde, unaisukuma mpaka ndani, unapandisha wenzo. *Tak.* Hapo tayari imejikoki. Hakuna nyundo ya nje, na hakuna kifungo cha usalama cha kusukuma kwa kidole, jambo ambalo lilinitisha mwanzo. Desturi yangu: wenzo unakaa chini mpaka nimelala, nimepumua, nimeona shabaha. Mtu yeyote uwanjani akivuka mstari, wenzo chini. Anayeangalia kwa mbali anaona wazi kuwa bunduki haiwezi kulia.

Tena ni fupi. Kwa kuwa haina ile nafasi ya nyuma ya kurudishia bolti (komeo linalovutwa nyuma kwenye bunduki nyingine), mtutu unaweza kuwa mrefu na bunduki nzima bado ikaingia kwenye kabati la chuma la kawaida. Na vyuma vyote vya ndani vinatoka kama kitu kimoja: unachomoa pini moja tu, tumbo zima linaanguka kiganjani. Unaosha, unapaka mafuta, unarudisha. Nimefungua injini nyingi za boti maishani. Mtu aliyebuni hii alikuwa anamfikiria atakayeitengeneza.

Sasa nije kwenye yaliyonitesa.

Mwaka wa kwanza sikupiga kitu. Mita 100, risasi tano, matundu yametapakaa kama marisau. Nikalaumu macho yangu, nikalaumu darubini, nikanunua darubini nyingine. Kumbe tatizo lilikuwa ule mti wa mbele unaoshika mtutu kwa chini. Yule fundi asiye na jina alikuwa ameukaza kwa skrubu hadi unausukuma mtutu, na mtutu ukishapata moto unahama. Nililegeza skrubu robo mzunguko, nikakata kipande cha tyubu ya baiskeli ukubwa wa sarafu, nikakiweka katikati ya mti na chuma. Jumamosi iliyofuata matundu matatu kati ya matano yalifunikwa na sarafu ya shilingi 20. Niliibeba ile karatasi hadi nyumbani, nikaibandika jikoni. Mke wangu aliitoa siku ya pili, akafungia vitunguu.

Huyohuyo fundi alitoboa matundu ya kufungia darubini yakiwa yamepinda kidogo kulia. Nimeyasawazisha kwa vipande vya kopo, na darubini imekaa juu kidogo kuliko ninavyopenda ili kidole kipate njia ya kutia risasi. Ukiishusha zaidi, unapakia kwa kupapasa.

Jambo jingine la kujua: mitutu mingi ya Hornet, wangu ukiwemo, mifuo yake ya ndani, ile inayoizungusha risasi, inazunguka mara moja kwa kila inchi 16. Huo ni mzunguko wa polepole, wa vichwa vyepesi. Nilipewa risasi chache zenye kichwa kizito zaidi nijaribu, na karatasi ikatoboka kama tundu la ufunguo: risasi zilikuwa zinafika ubavu mbele. Shikamana na vyepesi. Na usijidanganye kuhusu umbali. Ukiisawazisha kwa mita 100, kwenye mita 200 inashuka karibu shibiri nzima, na upepo wa kusi unaisukuma vilevile. Mpaka mita 150 naiamini. Baada ya hapo naomba.

Lakini adui mkubwa si fundi wala upepo. Ni bahari. Nakaa Ganda, kilomita kadhaa kutoka ufukweni, na bado chumvi inafika. Mwaka wa pili, wakati wa masika, nilirudi kutoka uwanjani jioni ya Ramadhani, nikawahi futari, bunduki nikaifungia kabatini ikiwa ndani ya mfuko wake wa sponji. Siku tatu baadaye nilipoufungua, upande mmoja wote ulikuwa na vumbi jekundu kama mdalasini uliosagwa, na kangaruu amepotea ndani yake. Nilisugua kwa mafuta na pamba taratibu usiku kucha. Kutu ilitoka, lakini weusi wa chuma haukurudi wote. Sponji inanyonya unyevu na kuukumbatia chuma. Ni ya safari tu. Nyumbani bunduki ikae uchi kabatini, pamoja na vifuko vya kunyonya unyevu, ambavyo mimi huvianika juani kila Ijumaa.

Ushauri wa mafuta nimeupata wa kila aina. Jirani alinishauri mafuta ya nazi. Yanashika vumbi. Nahodha mmoja, kwa uso usio na tabasamu, alinishauri sifa, yale mafuta ya samaki yanayopakwa majahazi. Labda yangefanya kazi, lakini paka wote wa Ganda wangehamia kabatini. Tumia mafuta ya bunduki, machache, na futa kila umeigusa, kwani jasho la mkono nalo ni chumvi. Bunduki yangu haina tundu la nyuma la kupitishia ufito, kwa hiyo mtutu nausafisha kutoka mdomoni, polepole, nikikinga mdomo kwa kidole ili ufito usikwaruze ukingo.

Narudi kwenye lile swali la ya nini. Kwingine, Marekani au Australia, bunduki ya aina hii ni ya mkulima anayepunguza sungura na vijinyama vichimbavyo mashimo malishoni. Hapa si hivyo, na anayeitaka kwa ajili ya nyani wa mahindi asiinunue. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 haikulegeza. Nyani na tumbili wakishuka kutoka upande wa mto Sabaki, nina debe la bati na mbwa wawili, na wakizidi napiga simu kwa KWS, shirika la wanyamapori la serikali. Kunguru nao, hawa wa Kihindi wanaokula vifaranga, kila mtu ananiambia niwapige. Mjini? Risasi hii ikimkosa kunguru haipotei hewani. Inaenda zaidi ya kilomita moja na kushuka kwa mtu. Tena kunguru si mjinga, utampata mmoja, wenzake watakujua kwa kanzu yako.

Basi ni ya karatasi. Naenda uwanjani mara nne au tano kwa mwaka na risasi 20. Wenye bunduki za magazini wanamaliza zao kwa robo saa na kuanza kuniangalia. Mimi asubuhi nzima sijamaliza. Ukijua una moja tu mkononi, huvuti kabla pumzi haijatulia, na ukikosa unajua umekosa wewe, kwa sababu una muda wote wa kushusha wenzo na kulifikiria wakati ganda bado moto liko kwenye mkeka.

Kwa sasa nimebakiwa na risasi 23. Hornet haikai dukani kama kaliba zinazotumiwa na wengi. Muuzaji aliniambia huenda zikafika mwezi ujao, na mwezi uliopita aliniambia hivyohivyo.