Kuvuka Busia na mzigo: nyota nne, na nasema kwa nini

Mimi huvuka mpaka wa Kenya na Uganda pale Busia karibu kila mwezi, nauza sandali za shanga na viondo hapa Mbale, Uganda, mzigo nautoa Nairobi, na miaka yote hiyo sijawahi kukaa chini kuandika habari za huduma ya pale mpakani mpaka safari hii nilipokutwa na jambo ambalo lingeweza kunifungisha.

Kwa ambaye hajapita siku hizi, ukitoka Kenya hushuki upande wa Kenya. Basi linapita moja kwa moja hadi jengo la upande wetu, unashuka mara moja tu, dirisha la kwanza Mkenya anakutoa, la pili Mganda anakuingiza, umemaliza. Ukiwa unaenda Nairobi inakuwa kinyume, unamalizia kwao. Kituo hiki cha pamoja kilifunguliwa rasmi Februari 2018, marais wa wakati huo Museveni na Uhuru walikuja wenyewe, na iko sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inayomruhusu ofisa wa Kenya afanye kazi ya nchi yake kwa sheria za kwao huku amesimama kwenye ardhi ya Uganda. Sisi tuna kitambulisho cha taifa tu mkononi, hiyo ya kuvuka bila paspoti kati ya Uganda, Kenya na Rwanda ilianza 2014. Usiku na mchana pako wazi.

Zamani ulikuwa unashuka mara mbili. Unagongewa muhuri kule, unabeba vitu vyako unatembea katikati ya mageti mawili, kijana wa baiskeli anakudaka mzigo anatangulia nao, wewe unakimbia nyuma yake kwenye malori, na pale katikati hakuna anayejua nani kaweka nini kwenye gunia la nani. Nilikuwa nafika upande wa pili nahesabu fundo zangu moja moja na moyo unadunda.

Sasa hii ya juzi. Basi la usiku, kampuni sitaitaja. Tukiwa bado Nairobi kondakta akaleta begi la bluu akalisukuma chini ya kiti changu, ati mama hili ni la abiria wa nyuma huko hakuna nafasi. Nikanyamaza. Nilikuwa nimechoka, nimezunguka soko la Gikomba tangu asubuhi, nikasema begi tu litanifanya nini. Hapo ndipo nilipokosea, na wanawake wenzangu wa biashara nawaomba msome hapa mara mbili.

Alfajiri tumefika Busia, kila mtu ateremke na vyake. Mimi nikateremka na fundo zangu tatu, lile begi nikaliacha. Dakika kidogo ofisa katoka nalo ndani ya basi, la nani? Kimya. Kondakta ananyoosha kidole kwangu, ni la yule mama lilikuwa kwenye kiti chake. Aisee miguu iliisha nguvu.

Walikuwa wawili, Mkenya na Mganda, meza moja. Yule Mkenya akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa chini wa begi, polepole, kama fundi anayetafuta uzi ulipokatikia, akafika mahali akasimama. Akakata. Ndani kulikuwa na soksi za mtoto zimejazwa vidonge, kila soksi imezungushiwa karatasi nyeusi, vidonge vya aina ambayo duka la dawa halikupi bila karatasi ya daktari. Mganda akaniuliza, mama, huu mshono umeushona wewe? Nikasema hapana afande, mimi vyangu ni vile vitatu. Akachukua fomu yangu.

Na hapa ndio fomu ile iliniokoa. Sisi wa mizigo midogo tuna utaratibu wa Jumuiya, bidhaa iwe imezalishwa ndani ya Afrika Mashariki na thamani isizidi dola 2,000, unajaziwa cheti rahisi cha asili palepale, hulipi ushuru wa forodha (mitumba haimo, usidanganywe, mitumba inatoka mbali). Mimi nimezoea kuandika kabla sijapanda basi, fundo 1 sandali pea arobaini, fundo 2 viondo, fundo 3 mchanganyiko, na kila fundo nalitia namba kwa kalamu nene. Wakafungua zote, wakahesabu hadi pea ya mwisho, ikakaa sawa na karatasi. Begi la bluu halina namba, halina tiketi, halina kitu.

Mkenya akashika simu akapiga kwao, wakafuatilia kule tulikopandia nani alileta begi. Jibu likaja hata chai sijamaliza. Kondakta akabaki, mimi nikaachiwa.

Ninachotaka kusema ndicho hiki. Kama wale wawili wangekuwa kila mmoja kwenye jengo lake, Mkenya angenigongea nikapita, begi lingefunguliwa upande huu na mtu ambaye hana wa kumpigia kule tulikotoka, na mimi ningekuwa seli nasubiri barua iende Nairobi irudi. Watu husifu kituo cha pamoja kwa kuokoa muda, ni kweli, malori yale hayalali tena foleni kama zamani. Lakini kwa mambo ya dawa za kulevya faida yake kubwa ni hiyo meza moja. Mwenye mzigo mchafu hawezi kumwambia huyu nimeshakaguliwa kule, na asiye na hatia anapata watu wawili wanaoangalia karatasi yake kwa pamoja.

Malori nayo yana yao, kontena za transiti zinafungwa lakiri ya elektroniki, gari likiacha njia au lakiri ikiguswa wanaona kwenye skrini kule Nakawa Kampala, na Kenya na Rwanda wako kwenye mtandao huohuo. Hiyo ni muhimu kwetu tusio na bahari, maana heroini inayotoka Afghanistan inakuja kwa Bahari ya Hindi, inashukia pwani, kutoka hapo ni barabara.

Kinachonisumbua ni sheria zenyewe hazifanani. Miraa Kenya ni zao halali kabisa, Tanzania ni marufuku, na sisi hapa mairungi, ndiyo miraa hiyohiyo, imetuzungusha, sheria ya dawa za kulevya ya 2015 mahakama ya katiba ikaifuta Mei 2023 kwa sababu wabunge walipoipitisha hawakutimia idadi, mwaka huohuo bunge likapitisha nyingine yenye mairungi na bangi bila leseni ndani yake. Sasa kijana anapanda basi na kifurushi ambacho saa sita zilizopita kilikuwa biashara ya kawaida ya mjomba wake, anashuka ni mhalifu. Wakubwa wa Jumuiya wanakutana kila mara, walimalize basi hili, waseme kitu kimoja nchi zote. Ofisa mzuri wa pale mezani hawezi kuwatungia sheria.

Nyota moja nimeinyima kwa ajili ya njia za panya. Kila mtu Busia anazijua, unatoka sokoni unakata nyuma ya nyumba umeshavuka, na wanaopita huko wengi siyo wauzaji wa dawa, ni akina mama wa nyanya na dagaa wanaoogopa jengo kubwa kwa kuwa hawajui kama hicho cheti rahisi ni chao. Wao wakipita huko ndio wanamficha yule wa vidonge, anakuwa mmoja kati ya mia. Natamani orodha ya bidhaa zisizotozwa ushuru ibandikwe pale soko la Sofia kwa Kiswahili, Kisamia na Kiganda, herufi kubwa, na akae mtu wa kuwasomea siku za soko.

Mimi jirani yangu wa nyanya nimeshamwambia. Jumanne tunaenda wote, nimemwandikia namba kwenye beseni zake mbili.