Matembezi ya mashamba Matema: maoni yangu baada ya safari

Mwezi uliopita nilisafiri kutoka Mbeya mjini hadi Matema, kijiji kilichopo kaskazini mwa Ziwa Nyasa chini ya Milima ya Livingstone, ili kushiriki matembezi ya nusu siku yanayoeleza jinsi ardhi ya ufukweni ilivyobadilika. Mwongozaji wetu, mzee wa Kinyakyusa aliyelima huko maisha yake yote, alianza kwa kuchota udongo kwenye jaruba la mpunga na kutuwekea viganjani: ulikuwa mweusi, laini, wenye unyevu. Alitueleza kwamba rutuba hiyo huletwa na mito kama Lufilyo na Mbaka, inayoteremka kutoka nyanda za Rungwe, kwenye udongo wa volkano, na kumwaga tope lake tambarare kila masika. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mchele wa Kyela unasifika nchi nzima.

Palipokuwa na migomba na malisho ya ng'ombe sasa pana pia mikakao, na mzee alipasua tunda moja tuonje utando mtamu wa mbegu zake.

Dosari ipo: gharama ya mtumbwi wa kwenda kijiji cha Ikombe, kwa wafinyanzi wa kabila la Wakisi, hatukuambiwa mapema, na baadhi yetu walibaki ufukweni, jambo lililonisikitisha sana. Waandaaji waitaje tangu mwanzo. Nendeni Jumamosi, siku ya soko, vyungu vinapopangwa mchangani.