Bisibisi ya kugonga na boliti zilizoganda kwenye mguu wa boti: uzoefu wangu

Boti ninayoitunza iko Mtwapa. Ni ya kuvulia samaki wakubwa, injini yake iko ndani na nyuma ina mguu wa Mercruiser Alpha One, yaani ile sehemu ya nje inayoshuka majini na kubeba propela. Kila mwaka kusi likishika, wageni wakiisha kuondoka, tunangoja bamvua tuipandishe nchi kavu. Hapo ndipo tunapofungua mguu: oili ya gia, impela ya pampu ya maji, na zinki, vile vipande vinavyoliwa na maji ya chumvi badala ya mguu. Kazi yenyewe si ngumu. Kinachotesa ni boliti.

Mguu ni wa alumini, boliti nyingi ni za chuma cha pua, na vyote vinalala kwenye maji ya chumvi. Metali mbili za namna hiyo zikigusana baharini hufanya kazi kama betri, na inayoliwa ni alumini. Inatoa unga mweupe kama chokaa, na unga huo unataka nafasi kubwa kuliko alumini iliyouzaa. Ukijaa kwenye meno, boliti imebanwa kila upande. Ndiyo maana utaona kichwa kinang'aa kana kwamba kimefungwa jana, lakini ukiweka spana hakitikisiki.

Mwaka juzi fundi mmoja tuliyemwita alivalisha bomba refu kwenye mkono wa spana akalivuta kwa uzito wake wote. Kichwa kikakatika, shina likabaki ndani. Tulishinda siku nzima tukitoboa. Keekee ilikuwa inateleza kwenye chuma kigumu na kukimbilia kwenye alumini laini, mwishowe tundu likapanuka na ikabidi tuweke meno ya kupandikiza. Niliumia sana, maana ule mguu nimeuosha kwa mikono yangu miaka mingi.

Kwa hiyo msimu uliopita nikanunua bisibisi ya kugonga, ile ya mkono, isiyotumia umeme wala hewa. Nilitoa shilingi 2,400 Mombasa mjini. Ni kipande cha chuma kizito, urefu wa shubiri hivi, kina ncha za kubadilisha na mraba wa nusu inchi wa kuvalisha soketi. Ukiigonga kichwani kwa nyundo, mteremko ulio ndani yake unageuza pigo kuwa mzunguko mdogo, na papo hapo unaikandamiza ncha isiruke kutoka kwenye mfereji wa kichwa cha skrubu. Bisibisi ya kawaida ndipo inaposhindwa: ukizungusha kwa nguvu inapanda juu na kuula mfereji.

Niliijaribu kwanza kwenye skrubu ya kumwagia oili. Skrubu hii ina mfereji mmoja mpana, na yetu ilikuwa imeshachokonolewa na bisibisi nyembamba hadi kingo zimelala. Nilikwangua mfereji kwa msumari mpaka chumvi yote ikatoka, nikatia mafuta ya kupenya, nikaacha usiku kucha. Asubuhi alipita mzee mmoja aliyefanya kazi ya mashine za boti tangu ujana wake. Akanitazama nikiinua nyundo.

"Mwanangu, igonge kwanza bila kuizungusha. Iamshe."

Nikamwitikia, "Sawa, ami," nikaigonga mara tano wima juu ya kichwa cha skrubu. Pigo la wima linauvunja ule unga kwenye meno na mafuta yanapata njia. Kisha nikaweka ncha pana kabisa iliyojaza mfereji, nikausokota mwili wa bisibisi kuelekea kushoto na kuushikilia hivyo hivyo, nikapiga. La kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu nikasikia mlio umebadilika, ule mlio mzito wa chuma kilichoshikana ukawa mkavu, na alama niliyochora kwa kalamu ikawa imesogea kama upana wa punje ya mchele. Baada ya hapo niliifungua kwa mkono.

Kabla hujapiga popote, hakikisha imewekwa upande wa kufungua. Inabadilika kwa kuisokota tu, na ukikosea utakuwa unakaza. Mimi huijaribu kwanza kwenye boliti iliyolegea. Nyundo nayo iwe nzito, ya kilo moja au zaidi, maana nyepesi inadunda tu. Na mguu uwe umeegemezwa kwenye gogo, kwa sababu alumini ya kumimina haipendi kupigwa ikiwa inaning'inia.

Nati 6 zinazoushika mguu kwenye boti, zile za soketi ya inchi 5/8, hazikuhitaji kifaa hiki. Soketi ya pembe sita na mkono wa kawaida zilitosha. Soketi ya pembe kumi na mbili usiitumie kwenye nati iliyoganda, itakula kona.

Palipokishinda ni boliti ya mafichoni. Wanaofungua Alpha kwa mara ya kwanza huiacha: iko ndani ya shimo, juu ya kile kipezi kidogo kilicho juu ya propela. Usipoitoa, utapigapiga sehemu ya chini ya mguu mpaka uipasue na haitaachana na ya juu. Kwa kuwa imezama, nililazimika kuweka kiungo kirefu, na pigo likafia njiani. Hapo nikatumia moto. Nilipangusa mafuta yote kwanza, kwa sababu yanashika moto, kisha nikapasha alumini inayoizunguka boliti kwa kichomeo kidogo cha gesi. Alumini ikipata joto hutanuka kuliko chuma cha pua, kwa hiyo tundu linalegea. Lakini usitegemee rangi ikuonye, maana alumini haiwi nyekundu kama chuma. Alumini tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na ya kumimina kama hii hata kabla ya hapo. Mimi nilitumia tone la maji: likichemka na kuruka, nikaondoa moto. Kisha nikagusisha mshumaa kwenye ukingo wa boliti. Nta iliyeyuka, ikazunguka kichwa, ikanyonywa ndani hadi ukingo ukabaki mkavu. Nikarudia mara tatu, moto, nta, moto. Ya tatu ikafunguka kwa ufunguo wa pembe sita, taratibu, ikitoa ule unga mweupe uliochanganyika na nta.

Bisibisi hii ya kugonga naipa alama 4 kati ya 5. Moja naipunguza kwa ajili ya ncha ilizokuja nazo: moja ilimeguka siku ya pili, nikanunua nyingine ya chuma bora. Kwa boliti za kuzama haifai, na kwa pini zilizo karibu na mpira wa mvukuto, ule wa mikunjo unaozuia maji kuingia botini, siwezi kuitumia.

Wakati wa kufunga nilisugua meno kwa brashi, nikaweka washa mpya kwenye skrubu za oili na grisi ya baharini kwenye kila boliti. Ile grisi yenye unga wa shaba niliiweka kando, kwa kuwa shaba na alumini kwenye maji ya chumvi ni ugomvi ule ule. Kusi hili tumefungua tena. Skrubu ya oili ilitoka kwa bisibisi ya kawaida, na ile boliti ya mafichoni ikatoka bila moto.