Suti ya usaili Mtwara: mtumba, dukani au kwa fundi?

Anayeitwa usaili Mtwara mjini ana njia tatu za kupata suti: kuchambua mtumba, kununua iliyo tayari dukani, au kupeleka kitambaa kwa fundi. Tumezipima zote kwa kitambaa, mabega, ushonaji wa ndani na jinsi suti inavyostahimili joto la pwani. Inayoongoza ni suti ya mtumba ya sufu nyepesi iliyorekebishwa na fundi mzuri. Ya kushonwa inafuata kwa karibu, mradi muda upo. Suti ya dukani ya poliesta inayong'aa tunaiweka mwisho, ingawa ndiyo inayovutia zaidi ikiwa bado imetundikwa.

Joto ndilo linaloamua. Kuanzia Novemba hadi Machi hewa ya Mtwara na Lindi ina unyevu mwingi, na jasho halikauki mwilini. Poliesta tupu hainywi jasho wala haipitishi hewa, kwa hiyo shati linaganda mgongoni kabla hujaitwa jina. Sufu nyepesi inalibeba jasho na kuliachia, na mikunjo yake inajinyoosha ukiitundika usiku mmoja. Watu wengi wakisikia sufu wanafikiria baridi ya Makete, lakini sufu iliyofumwa nyembamba inafaa pwani kuliko poliesta yoyote. Pamba na kitani zina hewa nzuri, ila zinakunjamana: ukikaa kwenye benchi saa mbili, suruali inaonekana umeilalia. Kati ya Juni na Agosti, kusi ikivuma, karibu suti yoyote inavalika.

Mtumbani ndiko kwenye hazina, na ndiko kwenye mitego. Nenda asubuhi, siku ambayo belo limefunguliwa. Makoti mengi yameshonewa nchi za baridi, kwa hiyo geuza koti ndani nje kabla hujatazama rangi. Bitana, yaani kitambaa laini cha ndani, ikifunika mgongo wote hadi chini, koti litakuwa tanuri. Tafuta lenye bitana nusu, inayoishia chini ya mabega. Kisha liinue dhidi ya jua: matundu ya nondo yataonekana kama nyota. Tazama makwapani kama kuna alama ya jasho la zamani, makalio ya suruali kama yanang'aa, na mabega kama yamepauka kuliko mgongo. Kasoro hizo hazitoki kwa kufuliwa. Lebo ikiwa imeng'oka, chomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, na majivu yake yanavunjika vidoleni. Poliesta huyeyuka ikawa kidonge kigumu.

Saizi za Ulaya zisikuchanganye. Kwa koti la mwanamume, 50 ya Italia au Ujerumani ni 40 ya Uingereza, yaani toa 10, na hiyo 40 ni inchi za kifua. Lakini namba haitoshi, livae. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Hapo hakuna kujifariji kwamba fundi atarekebisha, kwa sababu kupunguza mabega ni kulifumua koti karibu lote, na mara nyingi linarudi limepinda. Kiuno cha koti, urefu wa mikono na pindo la suruali vinarekebishika bila taabu. Mikono ina angalizo moja: kama matundu ya vifungo vyake yametobolewa kweli, kuikata chini kutayaharibu. Suruali ikibana, tazama mshono wa nyuma. Ukikuta akiba ya kitambaa ya sentimita 3 kila upande, inaachilika.

Kwa fundi, gharama ya kweli ni muda. Mpe wiki tatu, na zaidi katika msimu wa korosho, Oktoba hadi Desemba, minada inapoanza kulipa na oda za harusi kujaa kila kibanda cha cherehani. Kitambaa chenye upana wa mita 1.5 kinatakiwa mita 3 hadi 3.5 kwa mwanamume wa umbo la kati. Chenye mistari ongeza nusu mita, la sivyo mistari ya mfukoni haitakutana na ya kifuani. Kama kina pamba, kilowekwe na kukaushwa kabla ya kukatwa, maana kikisinyaa baada ya kushonwa, bitana itabaki kubwa na kuchungulia chini ya koti.

Kipimo cha kifua kichukuliwe ukiwa na shati, na koti liachiwe inchi 3 hadi 4 zaidi ya mwili. Kisha sisitiza kujaribu suti ikiwa imepigwa bandi tu, haijapita cherehani. Mafundi wengi wanaruka hatua hii, na matatizo mengi yanazaliwa hapo. Funga kifungo cha juu: mikunjo ikijichora mfano wa X tumboni, kiuno kinabana. Nyoosha mkono kama unayesalimia. Bega zima likipanda, tundu la mkono limekatwa chini mno. Tazama nyuma kwenye kioo: kola ikiachana na shingo, mgongo una kasoro na kupiga pasi hakutaisaidia. Mwambie fundi pia aache mkunjo wa akiba katikati ya mgongo wa bitana. Bitana haivutiki, na bila mkunjo huo itachanika siku utakapoinama kuokota faili.

Dukani ni haraka, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Makoti mengi ya bei ya chini yana kitambaa kigumu cha ndani kilichobandikwa kwa gundi kifuani. Pasi ikizidi moto, au koti likilowekwa majini, gundi inaachia na kifua kinatoa malengelenge yasiyotibika. Piga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu, usiiguse suti moja kwa moja. Fumua nyuzi za X zinazofunga mpasuo wa nyuma, na uondoe lebo iliyoshonwa kwenye mkono. Bado tunaona watu wanaingia usaili nazo.

Kwa mwanamke, suti ya sketi ijaribiwe ukiwa umekaa. Sketi inayofika magotini ukisimama hupanda unapokaa, kwa hiyo ipite goti kwa inchi 3 angalau. Mpasuo wake uwe nyuma na mfupi. Anayevaa hijabu achague ya kitambaa chepesi kisichoteleza, rangi moja, na koti lisiwe na kola kubwa, maana hijabu na kola nene zikikutana shingoni zinajaza kifua. Gauni refu la rangi tulivu lenye koti fupi juu yake ni vazi kamili la usaili, halina upungufu wowote mbele ya suti ya suruali.

Rangi haina mjadala mrefu: buluu nzito au kijivu cha mkaa. Nyeusi inakubalika, ila vumbi linaionea. Shati liwe jeupe au samawati hafifu, na ndani yake fulana ya pamba ya kunywa jasho. Mikono ya koti iache sentimita moja ya shati ionekane, na kifungo cha chini cha koti kisifungwe.

Usivae suti kwa kila hatua. Usaili wa Sekretarieti ya Ajira unaweza kuwa na mchujo wa kuandika, vitendo na mahojiano. Kwenye mchujo, ukumbi umejaa na shati safi na suruali ya kitambaa vinatosha. Kwa vitendo, mfano fundi mitambo anayeomba kazi kiwanda cha saruji au bandarini, koti ni mzigo na tai ni hatari karibu na mashine. Suti yenyewe itunze kwa ajili ya mahojiano.

Anayetoka Newala, Tandahimba au Masasi afike siku moja kabla. Koti likunjwe ndani nje, bega moja liingizwe ndani ya jingine, kisha liwekwe juu kabisa ya begi. Likifika litundikwe penye hewa usiku kucha. Asubuhi, hata ukipanda bodaboda, panda na shati, koti libaki kwenye begi, na kitambaa cha kufutia viatu kiwe karibu. Koti livaliwe getini, jasho likishakauka.