Fiziotherapia ya nyonga, Sinza, Dar es Salaam: naipendekeza kwa moyo wote

Tangu nijifungue, upande mmoja chini ya kiuno, juu kidogo ya tako, uliniuma mno. Kupanda daladala, kugeuka kitandani, hata kusimama kwa mguu mmoja nivae suruali, shida tupu. Kwingine niliambulia vidonge tu.

Dada wa fiziotherapia hapa hakukimbilia mashine. Alinilaza chali, akakunja goti langu, akasukuma paja kuelekea kitandani. Maumivu yaleyale yakaibuka palepale. Akanieleza kuwa ni kiungo kinachounganisha mwisho wa uti wa mgongo na mfupa wa nyonga, na kwamba homoni za ujauzito hulegeza kano zake.

Mazoezi: kulala chali unainua makalio, kulala ubavu umekunja magoti, unainua la juu. Ukikaza mgongo badala ya makalio, anakurekebisha kwa mkono mpaka upatie. Hapo ndipo nilipomkubali kabisa.

Foleni ya jioni ni ndefu, na bima yangu hawapokei. Ila sasa nambeba mwanangu ngazini bila kushika ukuta. Ukienda, vaa suruali laini. Kitenge kinasumbua kwenye mazoezi ya ubavu.